Mvua Isiyosomwa

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na vitanda vingi na viti vichache, kwa hiyo Mhandisi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, akifanya kazi ya ofisi. Mumewe alilala pembeni yake na mirija mkononi. Mmoja ulitoa damu, mwingine uliirudisha, na katikati mashine ilinguruma kwa uvivu kama friji ya zamani. Mume alikuwa amefumba macho lakini hakuwa usingizini. Alipenda kusikiliza wauguzi wakimteta daktari mgeni.

"Umefika wapi?" akauliza bila kufumbua.

"Palepale."

"Bado hainyeshi?"

"Bado hainyeshi."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa kutikisa sindano. Huo ulikuwa utani wao wa wiki nzima, na kama utani mwingi wa watu waliochoka, haukuwa na kichekesho ndani yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kujenga bwawa kwenye kichwa cha bonde moja, na yeye alipewa akadirie mvua kubwa kuliko zote inayoweza kunyesha juu ya bonde hilo. Si mvua ya kila mwaka. Ile ya kutisha, inayokuja mara moja watu wakashindwa hata kuwasimulia wajukuu. Ukishaijua, unaacha mlango kando ya ukuta wa bwawa, maji yakizidi yapite hapo yaende zake salama. Ukiikadiria ndogo, mlango unakuwa mwembamba. Na mlango ukiwa mwembamba, siku mvua yenyewe inapofika, maji hupanda juu ya ukuta, na ukuta wa udongo ukishapandwa na maji huyeyuka kama sukari kwenye chai. Waliolala chini yake hawapewi taarifa. Wanakutwa.

Mhandisi alizaliwa kwenye bonde hilo. Baba yake alikuwa msoma mvua wa serikali, kazi ndogo yenye kofia na heshima. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya shule kilikosimikwa kipima mvua, akamimina maji ya jana kwenye chupa yenye alama, akainama macho yakalingana na maji, akasoma, akaandika. Alisoma hivyo mpaka asubuhi moja, binti yake akiwa bado amevaa sare ya shule, ambapo mvua iliyoanza jioni ilikuwa haijakata na tone moja halikuweza kutofautishwa na lingine. Mkewe akamwambia, leo acha. Akajibu kwamba leo ndiyo siku yenyewe ya kusoma. Mto ulikuwa umeshaacha njia yake. Ulichukua kipima mvua, ukachukua nusu ya shule na nyumba zote za chini, ukamchukua na yeye. Walizika kofia.

Aliyeletwa kushika nafasi yake alikuta siku zile hazina kitu, akafanya kama walivyofundishwa wote: siku ambayo haikusomwa, weka kistari. Kistari maana yake sijui. Sifuri maana yake haikunyesha. Ni vitu viwili mbalimbali kama kufa na kusafiri, na mtu wa kazi hiyo huambiwa hivyo siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Miaka ikaenda, kompyuta zikaja, wakaletwa vijana wa kibarua kuchapa makaratasi yote. Mashine haikuwa na mahali pa kuandika sijui. Basi popote walipoona kistari wakabonyeza sifuri, wakamaliza, wakaenda zao. Ndivyo ilivyokuwa kwamba katika hesabu zote za nchi, siku bonde lilipofunikwa na maji, siku baba yake alipopotea, ilikuwa siku kavu, ya kuanikia nguo.

Wala haikuwa siri. Ofisi nzima ilijua, na mtu akichelewa kazini kwa sababu ya matope alitaniwa kwamba atazame kompyuta, leo jua linawaka. Yeye alicheka pamoja nao. Ungefanya nini?

Ila safari hii hakuweza kucheka. Alitafuta vipima mvua vya mabonde jirani vilivyosalimika, akapima alama ya tope iliyobaki kwenye ukuta wa shule, akaipiga hesabu mvua ile upya, akaipima kwa njia tatu tofauti zisizojuana, na zote zikampeleka mahali pamoja. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile mvua kubwa iliyokuwa kwenye mchoro wa bwawa. Mlango uliochorwa ulikuwa mlango wa kuku.

Simu ikatetemeka mapajani. Ilitoka ofisini. Mkurugenzi alitaka kumwona, akimaliza tu na mgonjwa, wala asiharakishe.

*

Mkurugenzi, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Tutaangalia, alimmiminia chai mwenyewe. Hapo ndipo Mhandisi alipoanza kuogopa. Bosi mwenye kufoka unajua umekosea wapi. Bosi anayekuuliza sukari vijiko vingapi ana jambo.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea, Mkurugenzi. Tunashukuru."

"Na bima? Wanampokea bila matatizo?"

"Wanampokea."

"Vizuri. Vizuri sana." Akafungua ripoti, akalowesha kidole, akaipekua taratibu mpaka palipokuwa na kona iliyokunjwa. "Sasa hii mvua yako. Imetoka wapi?"

"Imetoka mbinguni, Mkurugenzi. Ilinyesha."

Alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya wa kutazamwa. "Nani aliisoma?"

Mhandisi akazungusha kijiko kwenye kikombe.

"Nakuuliza kitaalamu."

"Aliyekuwa anakwenda kuisoma alifia njiani. Unamjua ni nani."

"Namjua, na pole. Nilikupa pole ulipokuwa mwanafunzi wangu na nakupa tena. Lakini nani aliisoma?"

"Hakuna."

"Basi haipo." Alisema kwa upole, kama mwenye duka anayekwambia unga umekwisha.

"Kutosomwa si kutonyesha. Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulichora kistari ubaoni na sifuri kando yake, ukasema atakayevichanganya hivi ataua watu."

"Nilisema, na ni kweli." Akafunga ripoti, akaweka kiganja juu yake kama anayemtuliza mtoto alale. "Wewe unadhani mimi sijui hesabu. Nimeipiga mwenyewe nyumbani, nikakuta uliyokuta wewe. Sasa nisikilize kama dada yangu. Mchoro umeshapita. Mkopo umesainiwa. Mgeni rasmi ameshapangiwa siku ya kuweka jiwe. Nikiwapelekea mvua hii, mlango upanuliwe, ukuta unyanyuliwe, na bonde zima la chini lihamishwe na kulipwa. Nani wa kuwalipa? Wakopeshaji wataondoka na mimi nitamwaga unga, na atakayekaa hapa kesho atajenga bwawa lilelile kwa mchoro uleule. Tofauti itakuwa nini? Kiti changu tu."

"Si wangeambiwa basi, wahame wenyewe?"

"Bwawa likishasimama, hilo tutaangalia."

Akainuka, akasimama dirishani akiwa amempa mgongo.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo? Mimi nimeshakuombea uendelee. Na bima inafuata mkataba, hilo unalijua kuliko mimi. Sikulazimishi kuandika uongo, usije ukasema nilikulazimisha. Nakuomba uache takwimu kama ulivyozikuta. Basi."

Chai ilikuwa tamu mno. Aliinywa yote kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

*

Alimweleza mumewe jioni, akimkanda miguu iliyovimba. Hakumficha kitu. Alimweleza kistari na sifuri, ambavyo mume alikuwa amevisikia mpaka vimemchosha, akamweleza ukuta na mlango, akamweleza habari ya mama yake mzazi anayelala chini kabisa, hatua chache kutoka mtoni, kwa sababu alikataa kulala mbali na mahali mumewe alipopotelea. Halafu akamweleza habari ya mkataba, akasubiri.

Alikuwa anasubiri neno moja. Alijiambia kwamba mume akisema usifanye, hatafanya, na yatakayokuja watayabeba wawili. Alikuwa mwalimu huyu bwana, kabla figo hazijamtupa kitandani. Alikuwa amewahi kusimama kwenye mkutano wa wazazi akamwambia mwalimu mkuu usoni kwamba ameiba madawati. Ni kwa hilo hasa alimpenda. Alikanda mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akaendelea kusubiri.

Mume alitazama dari. Midomo ilikuwa imemkauka; hakuruhusiwa kunywa maji kwa wingi, na aliilamba kabla ya kusema.

"Keshokutwa zamu yangu ni ya asubuhi au ya mchana?"

"Ya asubuhi."

"Basi tuwahi," akasema, akageukia ukutani.

Mhandisi aliendelea kukanda mguu mpaka mafuta yakakauka kiganjani. Moyo ulimuuma na wala hakumlaumu. Nani asiyetaka kuishi? Alilia bafuni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa ili yamzibie sauti, na asubuhi akaenda ofisini akaifuta mvua. Haikuchukua muda. Unachagua safu, unabonyeza, na ile sifuri inarudi mahali pake.

Ila kabla ya kwenda nyumbani alisimama kwenye ngazi za nyuma za ofisi, akampigia mama yake.

"Mama, hama."

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo, mama. Hama huko chini. Nenda mlimani kwa mamdogo, nitakutumia mabati."

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. We hama tu. Na usimwambie mtu."

"Nisimwambie mtu," mama akasema polepole, kama anayeionja hiyo habari. "Nikipita na kabati mgongoni wakiniuliza, nawaambia nalipeleka kusalimia?"

"Mama, nakuomba."

 Halafu mama akauliza kwa sauti nyingine, sauti ambayo Mhandisi hakuwa ameisikia tangu siku ya kuzika kofia. "Ni maji?"

Mhandisi akaikaza simu sikioni. Akasikia mama akivuta pumzi, kisha simu ikakatika.

*

Mama alihama kimya kimya, na kimya chake ndicho kilichopiga kelele. Huyu ni bibi aliyekataa kuhama mto ulipomchukulia mume, akakataa jirani zake walipomsihi, akakataa mwanawe alipomjengea chumba mjini. Leo ameng'oa mlango, ameng'oa mabati, amepanda mlima bila kusema neno. Na binti yake ndiye anayepima mvua za serikali. Watu wa bondeni si wajinga. Fundi seremala aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta alitazama ile nyumba isiyo na mlango jioni moja, asubuhi yake akang'oa wa kwake. Mkunga akafuata. Akafuata mwenye kinu cha kusaga, akiacha kinu chenyewe kwa sababu hakibebeki. Kwa muda mfupi bonde lote la chini lilikuwa nyumba zisizo na milango, na juu mlimani maturubai yakipigwa na upepo. Walilala kwenye baridi, watoto wakikohoa, lakini walilala juu.

Wakopeshaji walipokuja na magari yao kukagua eneo la ukuta, walipita katikati ya hizo nyumba wakauliza swali dogo tu: hawa watu wamekimbia nini?

Safari hii Mkurugenzi hakumimina chai.

"Umemwambia nini mama yako?"

"Nilimwambia ahame."

"Ripoti umesaini wewe kwamba bwawa ni salama, halafu mama yako mzazi unamtorosha." Hakupandisha sauti. Alionekana ameumia kweli, kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe. "Ungenijia mimi. Ungesema, Mkurugenzi, nina mama yangu pale, tufanyeje. Tungemtafutia namna yeye peke yake, polepole, pasipo mtu kujua. Sasa umelihamisha bonde zima."

"Si ndiyo salama yao?"

"Salama yao ni wewe kuirudisha." Akafungua mtoto wa meza, akatoa mkataba mpya, akauweka kati yao. Jina lake lilikuwemo, na cheo, na kifungu cha bima kwa mwenzi. Mahali pa saini ya Mkurugenzi palikuwa peupe. "Jumamosi tunakwenda wote. Mimi nitakutambulisha tu. Utazungumza wewe, maana wewe ni mtoto wao. Nikizungumza mimi wataniona mtu wa serikali."

"Na nikikataa?"

"Nani amezungumzia kukataa?" Akaukunja mkataba, akautia mfukoni mwa koti. "Huu nitausaini tukishamaliza."

*

Walikutana mlimani, kwenye uwazi uliokanyagwa na miguu mingi. Watu waliketi juu ya milango yao. Hilo ndilo lililomchoma Mhandisi kabla hata hajashuka garini: milango imelazwa chini kama mikeka, yenye rangi ya bluu, ya kijani, mmoja ukiwa bado umeandikwa kwa chaki majina ya watoto na urefu wao, na juu yake watu wameketi wakimtazama yeye kwa furaha. Walimpigia makofi. Mkunga aliyemzalisha mama yake alimshika mashavu kwa mikono miwili, akasema amekonda, wanamlisha nini huko mjini.

Mama alikuwa ameketi mbele, miguu ameinyoosha, amejifunika kanga kichwani. Walisalimiana mbele za watu tu. Mkurugenzi alikuwa anamshika Mhandisi kiwiko, kwa adabu, kama unavyomshika mgonjwa.

Mhandisi alizungumza. Alisema bwawa litaleta maji ya kumwagilia na umeme. Alisema ukuta umechorwa na watu wenye ujuzi. Alisema amekuja kuondoa hofu. Maneno yalimtoka yamenyooka, na kila lilipotoka alihisi kama anatema jino. Watu walitikisa vichwa. Walimwamini tangu kabla hajafungua mdomo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake pale.

Fundi seremala akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio, na ukoo wake mzima ulikuwa umefagiliwa na maji yale isipokuwa yeye na dada yake.

"Mhandisi, mimi nina swali moja nikae. Ile mvua iliyomchukua baba yako, na watu wangu, mmeihesabu?"

"Tumetumia takwimu zote zilizopo."

"Hilo ni jibu la redioni," fundi akasema, na watu wakacheka kidogo. "Nimeuliza hivi. Ile mvua, imo?"

Kiwiko cha Mhandisi kikabanwa, si kwa nguvu. Upepo uliinua turubai moja ukalibwaga. Mtoto alikohoa mahali fulani nyuma, akakohoa tena. Mhandisi alifikiria mumewe akilamba midomo.

"Imo," akasema.

Na haukuwa uongo mtupu, kama angependa kujidanganya. Siku ile ilikuwamo. Ilikuwa na tarehe yake katika mstari wake, na mbele ya tarehe kulikuwa na sifuri.

Fundi alimtazama kidogo, halafu uso ukamfunguka, akashusha mabega kama aliyetuliwa gunia. "Basi," akasema, akakaa. "Kama imo, mimi sina neno tena."

Lakini watu hawakuondoka. Walimgeukia mama. Yeye ndiye aliyewapandisha, na bila yeye hakuna atakayeshuka. Mama akajiinua kwa kushika bega la mkunga, akatengeneza kanga yake, akasimama.

"Mwanangu," akasema, "mimi hesabu zenu sizijui. Nakuuliza mbele ya hawa wenzangu, ili wasije wakasema niliambiwa la kwangu peke yangu. Nirudi?"

Walikuwa wamekaribiana kiasi cha kugusana. Mhandisi aliyaona macho ya mama yakiwa na ukungu wa uzee pembeni, na katikati bado makali. Alitaka mama aelewe. Alitaka amsome usoni kama baba alivyosoma chupa, ainame, macho yalingane, aone maji yalipofika. Akatikisa kichwa kidogo sana, hivi, kidogo mno, asijue kama ametikisa kweli au ametamani tu.

"Rudi, mama."

 Kisha mama akauliza swali ambalo watu walidhani ni adabu tu ya mkwe kuulizia mkwewe.

"Mume wako hajambo?"

"Anaendelea."

"Hospitali bado wanampokea?"

"Bado."

Mama alimtazama Mkurugenzi, suti yake, viatu vyake vyenye tope bichi, mkono wake kwenye kiwiko cha binti yake. Alitazama muda wa kutosha. Halafu akainama, akashika upande mmoja wa mlango aliokuwa ameukalia.

"Haya," akasema. "Mmemsikia. Tushuke kabla giza halijatukuta."

Ikawa vurugu ya furaha. Watu waliochoshwa na baridi hawahitaji kubembelezwa kurudi nyumbani. Maturubai yakakunjwa, masufuria yakatiwa ndani ya masufuria, milango ikapanda vichwani, na msafara ukaanza kuteremka kwenye njia ya utelezi, watu wakiitana, wakicheka, wakionyana kuhusu mawe. Kila aliyempita Mhandisi alimshukuru. Asante mwanetu. Mungu akuweke. Mkunga alimwambia kwamba usiku huu atalala usingizi wa kweli, tangu wapande hajalala hata mara moja.

Mkurugenzi alikuwa ameweka mkataba juu ya boneti ya gari. Akamwonyesha kalamu kwa mbali, akasaini, akaupuliza wino ukauke. Mhandisi akampa mgongo, akashika upande wa pili wa mlango wa mama, wakateremka. Mama alitangulia.  Njiani mama aliteleza mara moja, akasema, angalia hapo, pana utelezi, na hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia mwanawe mpaka chini.

Nyumba ilinuka unyevu. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kizingitini, na mama akazing'oa kwa mkono, mche baada ya mche. Fundi seremala alikuja na kisanduku chake, akisema anaanza na kwa bibi, kwa heshima ya binti, kisha atapita kwa wengine wote. Alikuwa mchangamfu, akiimba kwa pua. Wakausimamisha mlango kwenye fremu.

"Ingia ndani unishikilie, Mhandisi," akasema. "Ubane kwa mikono miwili, usiachie."

Akaingia, akaubana. Ndani kulikuwa na giza. Nyuma yake mama alikuwa anakung'uta godoro. Kutoka mlimani honi ya gari ilimwita, fupi, ya adabu, halafu ikamwita tena.

"Mara ya kwanza nilitia misumari mifupi," sauti ya fundi ikasema upande wa pili wa mbao. "Ndiyo maana ilikuwa rahisi kung'oa. Leo natia mirefu. Si umesema tunakaa?"

"Ndiyo," akasema.

"Sema kwa nguvu, huku sisikii."

"Ndiyo. Mnakaa."

Fundi akaanza kupigilia, na kila pigo lilimfika viganjani.